Kabla ya kuulaumu mtambo wa Ruai, fuata bomba lako

Ukisimamia nyumba za kupangisha Eastlands, Nairobi, kama mimi, utasikia kila siku kwamba Mto Nairobi ulishakufa, kwa hiyo mtu atupe chooni anachotaka. Huwa nawajibu wapangaji wangu kwamba majitaka yao yana safari ndefu kabla ya mto, mradi tu tuyaache yafike.

Yanakwenda kwenye mtambo wa kusafisha majitaka wa Ruai, mashariki mwa jiji, yaani yale mabwawa yanayoitwa ya Dandora. Hakuna mashine za ajabu pale. Chekeche za vyuma huzuia takataka, halafu maji huingia bwawa la kwanza, refu kwenda chini na lisilo na hewa, ambamo tope hutuama na bakteria huanza kulimeng'enya. Linalofuata ni la kijani kwa sababu ya mwani. Jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni na bakteria huitumia kula uchafu uliobaki. Mabwawa ya mwisho yana kina kifupi ili jua lipenye na kuua vijidudu; mayai ya minyoo huwa yameshazama, kwani maji hukaa humo siku nyingi. Viboko wamehamia humo, na wapenzi wa ndege huenda na darubini zao. (Harufu ipo, nisidanganye.)

Uchafu mbichi ukiingia mtoni, bakteria wataula vilevile, ila watamaliza oksijeni ya samaki. Afadhali kazi hiyo iishie bwawani. Na mto wenyewe haukomi Ruai: unaingia Athi, unakuwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Huko njiani kuna watu wanaochota maji.

Lakini bwawa halisafishi maji ambayo hayajalifikia. Kwa hiyo ukichukua ploti, jambo la kwanza ni kujua bomba lako linaishia wapi. Nunua rangi ya chakula, nyekundu iliyokolea. Imwage chooni asubuhi wakati watu wameshaenda kazini, vuta maji mara kadhaa, na mtu mwingine asimame nje kwenye shimo la kukagulia bomba la majitaka. Katika ploti moja tulingoja shimoni hatukuona kitu. Mtoto wa jirani ndiye aliyetuita: wekundu ulikuwa unatiririka kwenye mtaro wa maji ya mvua nyuma ya geti, moja kwa moja kuelekea mtoni. Fundi aliyejenga alikwepa kuchimba barabara. Mwenye nyumba alikuwa akilipa ada ya majitaka kwenye bili ya maji miaka yote hiyo.

Kinyume chake nacho ni kibaya. Usiunganishe gata za mabati na bomba la majitaka, wala usifunue shimo ili mafuriko ya uani yaingie. Bomba likizidiwa, vifuniko vya chini huko vinafumka na kinyesi kinakwenda mtoni bila kuiona Ruai.

Mafuta ya chipsi yakipoa huganda ndani ya bomba, na pedi na nepi hunasa hapo hapo. Mimi nimeweka pipa lenye kifuniko katika kila choo cha pamoja, na nalipia mtu wa kulimwaga. Ni nafuu kuliko kuita wazibuaji. Oili chafu ya gari irudishe gereji. Ikifika bwawani hutanda juu na kuzuia hewa na mwanga.

Kama choo chako kinatumia shimo la kuhifadhia majitaka badala ya bomba, mwulize dereva wa gari la kunyonya atamwaga wapi kabla hajashusha mpira, na uombe kuona leseni yake.