Boti ya alfajiri

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mpaka nimeukariri. Uliandika: "Mama, mimi ulinizaa nyumbani, chini, kwenye mkeka, na wote tuko wazima. Leba naiogopa kuliko uchungu wenyewe. Jirani yangu hapa Morogoro ni nesi mstaafu. Kwa nini na mimi nisizalie nyumbani?" Ukasema nikujibu kama mama, nisikujibu kama mhudumu wa afya wa kijiji.

Sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu ningekatisha maneno na kusingizia mtandao. Jambo lenyewe sijawahi kulisema kwa mtu.

Hadithi uliyokua ukiisikia ni kwamba ulizaliwa nyumbani kwa sababu ziwa lilichafuka. Baba yako anaisimulia hivyo, na bibi yako mpaka tunamzika aliisimulia hivyo. Ziwa lilichafuka kweli, ila lilichafuka jioni. Alfajiri ya siku ile Tanganyika ilikuwa imetulia kama maji ya beseni, boti ya kwenda Kibirizi, Kigoma mjini, ilikuwa inapakia watu na magunia mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa na uchungu tangu saa nane za usiku.

Ilikuwa Julai 1995. Unapajua kwetu, kule kaskazini mwa Gombe: mlima nyuma, ziwa mbele, barabara haikuwepo. Kwenda mjini ilikuwa ni boti, na boti ilikuwa ikiondoka asubuhi tu. Mwenye shida saa sita mchana alisubiri kesho. Bibi yako alikuja ufukweni, akanitazama, akauliza, "Limeanza?" Nikamjibu, "Bado, mama, ni mgongo tu wa kuinamia dagaa." Boti ikaondoka. Niliifuata kwa macho mpaka ikazunguka rasi, na sikusikia hofu hata kidogo. Nilisikia nafuu.

Nafuu hiyo ilitoka kwa kaka yako. Yeye nilimzalia hospitali, 1992, na hospitali yenyewe sitaitaja. Bibi yako aliachwa getini na kikapu chake cha uji. Nililazwa kitanda kimoja na mwanamke mwingine, miguu yake kichwani kwangu. Niliposhuka ili nitembee niliamriwa nirudi kulala chali. Nilipolia niliambiwa kwamba wakati wa kuitafuta mimba sikulia, na nikapigwa kofi la paja. Kaka yako alitoka hakuna mhudumu karibu. Aliyemdaka ni yule mwenzangu wa kitandani, kwa mkono mmoja, huku na yeye uchungu wake unamkata. Baadaye nikashonwa bila ganzi. Baba yako alipouliza nimepataje, nilisema salama, kwa sababu mtoto alikuwa hai na wanawake wote niliowajua walikuwa wakijibu hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukiniambia unaiogopa leba, mimi sikucheki wala sikukemei. Kwa hofu hiyo nilimdanganya mama mkwe wangu machoni.

Siku yako niliendelea na kazi mpaka kama saa nne. Dagaa walikuwa wengi, maana zilikuwa siku za giza na wavuvi walikuwa wamekesha ziwani na karabai. Kila uchungu ulipokuja niliinama nikajifanya natoa vijiwe kwenye dagaa, nahesabu pumzi, ukipita nainuka. Jua lilikuwa zuri, mchanga una joto, kaka yako anachezea wavu uliotoboka. Mpaka leo harufu ya dagaa wanaokauka ikinifikia, kiuno changu kinakumbuka. Mwisho miguu ikakataa, nikamwita bibi yako. Hakuuliza tena. Alinishika kiwiko tukaingia ndani.

Sasa hapa nikwambie ukweli mwingine, nisije nikakutisha tu: yale masaa ya mchana ni kati ya masaa mazuri ya maisha yangu. Maumivu yalikuwa yale yale ya kwanza, pengine zaidi. Lakini nilitembea nilivyotaka. Nilining'inia kwenye kanga aliyoifunga kwenye boriti, nikapiga magoti, nikaegemea ukuta, nikanguruma kama mnyama, na hakuna aliyeniambia nyamaza. Bibi yako alinikanda kiuno kwa mawese ya uvuguvugu. Kila uchungu ukija aliguna pamoja na mimi kwa Kiha, sauti ya chini, kana kwamba anaubeba upande mmoja na mimi upande mwingine. Hakuniingiza mkono hata mara moja. Chupa ilipopasuka aliangalia rangi ya maji, akasema, "Ni meupe, vizuri." Nilipoanza kusukuma nilikuwa nimechuchumaa, mgongo wangu kifuani kwa shangazi yako. Kichwa kilipofika mlangoni bibi aliniambia niache kusukuma, nipulize kama napuliza moto wa jikoni. Nikapuliza. Ukatoka taratibu, sikuchanika hata kidogo.

Alikuweka kifuani kwangu na umande wako wote. Alisubiri kitovu kiache kupiga, akakifunga kwa uzi aliouchemsha, akakikata kwa wembe mpya aliouchomoa kwenye karatasi yake. Akakupa titi hapo hapo, na dang'a, yale maziwa ya kwanza, hakuniruhusu niimwage kama wengine walivyokuwa wakifanya. Ilikuwa kama saa kumi alasiri. Kama barua ingeishia hapa, ningekwambia kazae nyumbani.

Kondo la nyuma lilitoka baada ya muda si mrefu. Damu ikafuata, na haikukatika. Haikuruka wala kutisha kwa kuiangalia. Ilikuwa inatiririka tu, kimya, kama bomba lisilofungwa vizuri. Kanga ya kwanza ikalowa, ya pili ikalowa. Bibi yako alinisugua tumbo chini ya kitovu kwa nguvu mpaka nikapiga kelele kuliko nilivyopiga wakati wa kukuzaa. Alinichuchumaza nikojoe. Alikurudisha titini. Yote hayo, nilikuja kujua baadaye kwenye semina, yalikuwa sahihi: tumbo la uzazi linatakiwa lijikaze liwe gumu kama ngumi, ndipo mishipa iliyoachwa wazi na kondo ijifunge, kibofu kikijaa linashindwa kujikaza, na mtoto akinyonya, mwili wa mama unajitengenezea dawa ya kulikaza. Bibi yako ambaye hakusoma alifanya kila ambacho mikono mitupu inaweza kufanya. Kanga ya tatu nayo ikalowa. Nikaanza kusikia baridi, mchana wa Julai.

Ndipo upepo wa kusini ulipoanza.

Baba yako alikuwa amelala kwa kaka yake tangu alfajiri, amechoka na ziwa. Walipomwamsha alikimbia ufukweni, akausukuma mtumbwi majini. Wimbi likamrudisha. Akausukuma tena, likamrudisha na kuujaza maji. Wazee wakamshika mikono, wakamwambia akinipakia humo atatuzamisha wote wawili. Mimi nilikuwa ndani nasikia sauti yake juu ya upepo. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba boti ya kunipeleka niliiona mwenyewe ikiondoka asubuhi, nikaiacha.

Damu ilipungua usiku. Kwa nini ilipungua, bibi yako hakujua na mimi sijui. Asubuhi ziwa lilipotulia walinilaza kwenye boti juu ya godoro la sufi. Mjini nilitundikiwa maji na damu chupa mbili, moja ya baba yako. Nesi aliyenipokea siku hiyo alinisafisha uso kwa kitambaa na kuniita dada. Sijawahi kumsahau.

Sasa swali lako. Jibu langu ni hapana, mwanangu. Usizalie nyumbani. Na wala si kwa sababu mkeka una aibu au bibi yako alikosea.

Damu nyingi baada ya kujifungua ndiyo sababu kubwa kuliko zote inayoua wazazi, na inaweza kumaliza mtu mzima ndani ya masaa mawili, hata mwanamke ambaye mimba yake haikuwa na dosari yoyote. Mimi sikuwa na dosari kwenye kadi ya kliniki. Dawa ninayokwambia mwili hujitengenezea, ipo ya sindano, oksitosini. Inapigwa pajani mara tu mtoto anapotoka, na inatakiwa kutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 mpaka 8, la sivyo inapoteza nguvu. Muulize jirani yako kama anayo nyumbani. Muulize kama ana kifaa cha kumpulizia hewa mtoto asiyelia, na kama ana damu. Akiwa nesi wa kweli atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Lakini mchukue huyo mama, uende naye hospitali. Hiki ndicho nilichokosa mara zote mbili: mara ya kwanza nilikuwa na dawa bila mtu, mara ya pili nilikuwa na watu bila dawa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2018 unaosema mama awe na msindikizaji anayemtaka, na achague mkao wake wakati wa kusukuma. Kwa hiyo ukiomba hayo hujaomba upendeleo. Nenda wiki hii ukaione leba ya hapo kabla haijakuita. Waulize kama msindikizaji anaingia, kama mtu anaruhusiwa kutembea, kama anaweza kuchuchumaa. Wakikujibu vibaya, mimba ni ya miezi saba, muda wa kutafuta hospitali nyingine upo. Jua kundi lako la damu, na mumeo ajue nani wa kumwamsha usiku awe na gari. Atakayekutukana, jina lake nitakwenda kulipeleka kwa mganga mkuu mimi mwenyewe, na gauni langu la kanisani.

Nakuja na treni mwezi mmoja kabla ya tarehe yako. Nitaleta mawese, nitaleta na migebuka mikavu. Kiuno chako nitakikanda mimi, nitaguna kama bibi alivyoguna.

Jambo la mwisho. Unajua kwamba baba yako upepo wa kusini ukivuma usiku huwa halali, anatoka anakaa barazani. Miaka yote hii anaamini angekuwa mwanaume zaidi angelivuka lile wimbi, na mimi nimekuwa nikimtazama mgongo wake pale nje na kukaa kimya. Barua hii ataibeba yeye kuipeleka stesheni, kwa hiyo sitaifunga leo. Jioni akitoka sokoni nitamwambia habari ya boti. Ukipokea bahasha na ukaona imefungwa, ujue tayari anajua.

Mama yako,
Kigoma