Maswali ya Wasomaji: Mkanda wa Taimingi Ubadilishwe Lini?

Barua nyingi mwezi huu zimeuliza kuhusu mkanda wa taimingi, yaani mkanda wenye meno unaotoa mwendo kwenye kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kuupeleka kwenye kemu (mhimili unaofungua valvu). Tumechagua tano na kuzifupisha.

Nimenunua Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mwingine. Odomita inasoma 214,000. Fundi alifungua kifuniko cha juu, akaugusa mkanda kwa kidole, akasema bado mzima. Nimwamini? (Mwalimu, Njoro)

Mwalimu, kidole kimegusa mgongo wa mkanda, na mgongo ndiyo sehemu isiyosema mengi. Ndani ya ule mpira kuna nyuzi za kioo zinazobeba mvutano wote, na meno yamevikwa kitambaa cha nailoni. Nyuzi hukatika kimyakimya, au jino likaanza kuchanika kwenye shina lake, huku mgongo ukibaki mweusi kama wa jana. Fundi akiona nyufa, pembe zilizochakaa nyuzi zikining'inia, mng'ao kama wa kioo au unyevu wa oili, hapo ubovu umethibitika. Asipoona kitu, bado hajathibitisha uzima.

Kwa hiyo uamuzi hufanywa kwa hesabu mbili: kilomita na miaka, na inayotimia kwanza ndiyo inayotawala. Kwa Toyota nyingi za petroli za kizazi hicho hesabu ni kilomita 100,000. Kwa miaka, sisi tunashauri 7, na 10 iwe mwisho kabisa hata kama gari hukaa nyumbani wiki nzima likisubiri ibada ya Jumapili. Mpira huzeeka kwa joto na hewa bila kujali kama gari linatembea.

Kabla hujatoa pesa, tafuta ushahidi. Fungua boneti uangalie juu ya kifuniko cha mkanda, ukuta wa nyuma wa injini na fremu ya mlango wa dereva. Gereji za Japani hubandika kijikaratasi chenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Tarehe yaweza kuandikwa kwa mwaka wa enzi ya mfalme wao: herufi H ikifuatwa na 18 ni mwaka wa 18 wa Heisei. Jumlisha 1988 upate 2006. Ikiwa ni R, yaani Reiwa, jumlisha 2018. Usome kwa makini pia, kwa sababu vipo vijikaratasi kama hivyo vya kubadilisha oili tu.

Halafu linganisha namba ya injini iliyo kwenye logbuku na ile iliyochongwa kwenye bloku. Kama injini iliwahi kubadilishwa kwa nyingine iliyotumika, historia ya mkanda wa gari imeisha siku hiyo, na 214,000 za odomita hazihusiki na mkanda uliopo. Pasipo karatasi wala risiti, uhesabu mkanda huo kuwa umekwisha muda. Badilisha sasa, uandike tarehe na kilomita kwa kalamu isiyofutika juu ya kifuniko.

Faraja unayo moja. Katika 5A-FE, kama ilivyo kwa 4A-FE, pistoni haigongi valvu mkanda ukikatika. Gari litakuacha barabarani, pengine Salgaa usiku, lakini hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu) itasalimika. Fundi akishafungua, abadilishe pia puli ya kukaza na sili (mipira ya kuzuia kuvuja) za oili za kemu na kranki. Pampu ya maji kwenye injini hii huzungushwa na fenibelti ya nje, kwa hiyo akikuambia ni lazima ibadilishwe kwa sababu ya taimingi, muulize inavuja wapi.

Naendesha teksi aina ya Fielder, injini 1NZ-FE. Fundi anasema imefika 100,000 nibadilishe mkanda wa taimingi. (Kondele, Kisumu)

Injini hiyo haina mkanda wa taimingi. Ina cheni, na cheni haina kilomita za kubadilishwa. Mkanda unaouona ubavuni ni fenibelti inayozungusha altaneta, pampu ya maji na eisi (kiyoyozi). Ukitaka kutofautisha bila kitabu, tazama ubavu wa injini: kifuniko cha plastiki kilichoshikwa na bolti ndogondogo huficha mkanda, na kifuniko cha alumini kilichozibwa kwa gundi ya silikoni huficha cheni, kwa sababu cheni huishi ndani ya oili. Badilisha oili kila kilomita 5,000. Ukisikia mchakacho kama wa sarafu ndani ya kopo unapowasha asubuhi, na usipoisha baada ya sekunde chache, hapo ndipo cheni na kikazio chake vikaguliwe.

Taa ya T-BELT (ya mkanda wa taimingi) iliwaka kwenye Hiace yetu ya abiria, dizeli ya 2KD. Dereva aliipeleka gereji, taa ikazimika, gari likarudi kazini siku hiyohiyo. Hukimbia kama kilomita 400 kwa siku. Nina wasiwasi. (Mama mwenye gari, Busia)

Mama, wasiwasi huo si wa bure. Taa hiyo haiuoni mkanda. Ni hesabu ya kilomita tu, iliyopangwa kiwandani kulingana na soko gari lilikotengenezewa. Nyingi huwaka kwenye 100,000 au 150,000. Kuizima hakuhitaji spana: ni kubonyeza kitufe cha dashibodi kwa mpangilio fulani, na kondakta aweza kuifanya akisubiri abiria. Na kama saa za dashibodi (kibao chenye odomita) zilitolewa kwenye gari jingine, basi hesabu ni ya gari hilo jingine.

Swali la kumuuliza dereva ni moja: mkanda wa zamani uko wapi? Ni mali yako uliyoilipia, na fundi aliyeufungua kweli hana sababu ya kutokuwa nao. Asipouonyesha wala risiti ya spea, fungueni kifuniko tena kabla gari halijapakia.

Tupige hesabu. Kilomita 400 kwa siku 26 ni 10,400 kwa mwezi. Mkanda wa 100,000 unaisha ndani ya mwezi wa 10, na wa 150,000 unaisha mwezi wa 15. Katika kazi ya matatu, habari ya miaka 7 haipo kabisa. Ongeza na saa ambazo injini hunguruma stendi bila odomita kusogea, mkanda ukizunguka muda wote huo. Kwa gari la kazi hiyo tungebadilisha kwenye 90,000 bila kungoja taa.

Dizeli haina huruma ya 5A-FE. Ili ipate mgandamizo wa kuwasha mafuta, pistoni hupanda hadi karibu kabisa na hedi. Kemu ikisimama, valvu iliyobaki wazi inagongwa. Mkanda ukikatika kwenye mwendo, tarajieni valvu zilizopinda na hedi kushuka, yaani kufunguliwa na kutolewa.

Kazi yenyewe, ajabu, ni nyepesi. Kwenye 2KD na 1KD kranki huendesha gia za chini, na mkanda ni mfupi tu wa juu unaofikisha mwendo kwenye kemu, kwa hiyo puli kubwa ya kranki haiondolewi. Viti vya mbele vinainuliwa, fundi anapanga alama, kisha anafungua tenshena ya haidroliki, yaani kikazio cha mkanda. Aishike kwa mikono miwili na kusukuma kijiti chake kwa nguvu dhidi ya meza: kikizama kwa urahisi, au pakionekana oili inayovuja, imekufa na inunuliwe mpya. Ikiwa nzima, ibanwe polepole kwenye vaisi (jiliwa) hadi matundu yalingane, ichomekwe spana ya aleni ya milimita 1.27 kama pini, na pini hiyo ichomolewe mkanda mpya ukishakaa. Kisha kranki izungushwe kwa mkono mizunguko 2 kamili kwa mwelekeo wa mishale ya saa na alama zitazamwe upya. Mizunguko 2, kwa sababu kemu huzunguka mara moja kranki inapozunguka mara mbili. Taa huzimwa mwisho wa kazi hii yote.

Forester yangu ya 2005, isiyo na tabo, ina kilomita 93,000. Fundi ameandika mkanda, puli zote, tenshena, pampu ya maji, sili na kulanti. Mkanda wenyewe ni kipande kidogo cha bei hiyo. Je, ananipiga? (Milimani, Nakuru)

Hakupigi. Kwanza, gari la 2005 lenye 93,000 pekee tungelitilia shaka, lakini hata kama namba hiyo ni ya kweli na mkanda ni ule wa kiwandani, miaka imeumaliza zamani, kilomita zikibaki.

Injini ya Forester yako, ya Subaru aina ya EJ, ina mkanda mrefu unaopita kwenye kemu za pande zote mbili, puli laini, puli yenye meno, tenshena, na pampu ya maji. Kila kimoja kina beringi yake. Beringi moja ikijamu, mkanda mpya kabisa hukatika au kung'oka meno, na kwenye EJ valvu hukutana na pistoni. Pampu ikianza kuvuja mwaka ujao utalipa tena kazi yote ya kufungua redieta, puli ya kranki na vifuniko. Vumbi letu la Nakuru nalo, ambalo wengi husema ndilo lililoupa mji jina, hupenya kwenye vifuniko vilivyovunjika pembe na kula sili za beringi. Puli ya zamani ikizungushwa kwa kidole iwe kimya na nzito kidogo. Ikizunguka huru kama gurudumu la baiskeli, grisi imekauka.

Fundi awe anaijua Subaru. Kosa linaloharibu injini hizi ni la alama. Gia ya kranki ina mshale unaovutia macho, na fundi aliyezoea Toyota hupanga kwa huo. Alama ya kweli ni mchoro ulio kwenye ukingo wa nyuma wa gia, unaoelekezwa kwenye alama ya pampu ya oili. Ikipangwa hivyo pistoni zote ziko katikati ya safari na valvu haziwezi kugongwa. Kwenye zile zenye kemu mbili kila upande, kemu za kushoto hubanwa na springi za valvu; mkanda ukitolewa huweza kuruka ghafla, kwa hiyo zishikwe kwa kifaa. Tenshena ibanwe wima kwenye vaisi kwa zaidi ya dakika 3, maana ukiiharakisha unapasua sili ya ndani. Gari la gia za mkono lina kibati cha kuzuia mkanda usiruke jino likirudi nyuma likiwa kwenye gia. Nafasi yake na mkanda ni takriban milimita 1. Mafundi wengi hukitupa. Usikubali.

Mkanda usikunjwe kwa ncha, usipinduliwe ndani nje, wala usisukumwe kwa bisibisi ili uingie: nyuzi za kioo huvunjika siku hiyo, nawe utajua baada ya miezi. Dukani, mkanda uliofungwa kwa mpira wa hela hadi ukawa bapa uache hapohapo. Majina kama Mitsuboshi, Bando na Gates kwa mikanda, NSK, NTN na Koyo kwa beringi, na Aisin kwa pampu yanaaminika, ila maboksi yake huigwa. Linganisha namba ya spea na chapa iliyo kwenye kitu chenyewe. Kulanti andaa lita 6 hadi 7, imiminwe polepole huku skrubu ya kutolea hewa juu ya redieta ikiwa wazi.

Premio ya zamani, injini 3S-FSE ya D-4 (inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda), imezimika ghafla tukipanda kutoka Kisumu. Stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida. Fundi wa hapa anataka tuisukume. (Chavakali)

Msiisukume, na acheni stata. Wepesi huo ni dalili ya silinda zisizobana hewa. Ingekuwa 3S-FE ya kawaida tungewaambia mfunge mkanda mpya na kuendelea, lakini FSE hupinda valvu, na kila mzunguko unaongeza hasara. Fungueni kifuniko cha juu. Mkanda ukionekana mzima, fundi azungushe kranki kidogo kwa spana huku mwingine akitazama kemu: isipocheza, meno ya chini yameng'oka. Akihisi spana inagota, asilazimishe.

Mkanda mpya ukishafungwa, apime kompresheni. Silinda zote 4 zikaribiane, tofauti isizidi kilo 1 kwa sentimita mraba. Ikisoma sifuri, hedi ishuke. Valvu iliyopinda hainyooshwi kwenye mashine ikarudishwa. Shingo yake huwa imeshachoka na kichwa kinaweza kukatika kikaanguka juu ya pistoni. Wakati hedi iko chini, gaidi za valvu (mirija inayoziongoza) zikaguliwe na unyoofu wa hedi upimwe kabla ya gasketi mpya.

Kabla ya kufunga, tafuteni kilichoukata. Kwenye injini hii mkanda huzungusha pampu ya maji pia. Mkiona oili kwenye mkanda, sili ya kemu au kranki inavuja. Mkiona pembe moja imeliwa, puli imekaa upande. Meno yaking'oka sehemu moja tu, kuna kitu kilijamu, na cha kwanza kuzungusha kwa mkono ni hiyo pampu.