Mwanangu, hilo la roho

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mtu anaweza kuwa wa kiroho bila kuwa na dini. Wiki nzima nalitafuta jibu, na kila nikishika kalamu ananijia shangazi yako.

Unanijua nilivyo na maneno. Hii "roho" tumeipata kwa Waarabu, na kwao ni ndugu wa rihi, upepo. Walatini nao walisema spiritus, yaani pumzi. Ndiyo maana anayekufa tunasema amekata roho. Lakini Kiswahili kikaongeza lake: mlafi tukamwita mroho. Neno lile lile! Ndiyo nikawa nakuimbia tangu ukiwa mdogo: roho ya mtu itazame mikononi, si mdomoni.

Na mimi niliyekuimbia hayo nilitazama mdomo. Ule usiku wa mwisho wa bibi yako nilisimama miguuni pake nikiongoza sala, sauti juu. Shangazi yako, ambaye ibada aliiacha zamani (sababu unaijua, tusirudi huko), alikaa kichwani pa mama, kimya. Anachovya pamba kwenye maji, analowesha ile midomo iliyopasuka, anafuta kidevu, anachovya tena. Nikamkemea mbele ya watu: "Hata leo amina inakushinda?" Hakunijibu. Mama akageuza uso kwake, macho yamefumba, akaifuata ile pamba kwa midomo kama mtoto anayetafuta ziwa.

Nilikuwa mroho wa kusikika, mwanangu. Mpaka leo nikikumbuka uso unanichoma.

Usije ukasema baba kakubali dini si kitu. Zile sala ndizo zilizonishikilia baada ya mazishi; maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamekwisha, nikaegemea ya kurithi. Lakini shangazi yako naye alisimama, bila hayo maneno. Au alikuwa nayo, akayasema kwa pamba? Hapo unaona, nimeshaanza kumsalisha kwa nguvu.

Mikononi, nilisema, si mdomoni. Basi na mikono yangu ilikuwa wapi usiku ule? Nilikuwa nimeifumbata kifuani.

Kauli ninayo, iko ncha ya ulimi, naiuma. Muulize shangazi yako. Ila la pamba usimtajie. Hajui kama niliona.

Baba yako