Maswali na Majibu: Kwa nini watoto 22 wa gorila mweupe wa Barcelona walizaliwa weusi wote?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari mkoani Iringa. Kwenye mada ya urithi nilitoa mfano wa Copito de Nieve, yule gorila mweupe wa bustani ya wanyama ya Barcelona. Wanafunzi wakanibana: kama ualbino unarithiwa, mbona alizaa watoto 22 na hakuna hata mmoja mweupe? Tena nimesoma kuwa wazazi wake walikuwa ndugu. Ilijulikanaje, wakati hakuna aliyewahi kuwapima? Darasani nina binti mwenye ualbino, naye anauliza kama watoto wake watakuwa kama yeye.

JIBU: Marahaba mwalimu. Wanafunzi wako hawajakosea kuuliza, ila hao watoto 22 hawaipingi kanuni, wanaitii.

Mwaka 2013 watafiti wa Hispania walichapisha usomaji wa jinomu nzima ya Copito, yaani maelezo yake yote ya urithi, kutokana na damu yake iliyohifadhiwa kwenye barafu. Kasoro waliikuta kwenye jeni iitwayo SLC45A2, ambayo hutengeneza protini inayohitajika seli za ngozi zinapounda melanini, yaani rangi ya ngozi na nywele. Herufi moja tu ya jeni ilikuwa imebadilika, na kwa hiyo kwenye nafasi ya 518 ya protini hiyo asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo glisini ikachukuliwa nafasi yake na nyingine, arginini. Kila mnyama ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja nzima inatosha kuleta rangi kamili. Copito hakuwa na hata moja nzima.

Sasa watoto. Aliwazaa kwa majike watatu, wote weusi. Kila mtoto alipata kwa baba nakala mbovu, hapakuwa na nyingine ya kupewa, na kwa mama akapata nzima. Akawa mweusi, lakini mbebaji, yaani ana nakala mbovu moja isiyoonekana kwa nje. Kama jike mmoja angekuwa mbebaji pia, kila mtoto wake angekuwa na nafasi 1 kati ya 2 ya kuzaliwa mweupe. Waambie wanafunzi wapige hesabu: jike mbebaji akizaa watoto saba na dume huyo, uwezekano wa wote saba kuwa weusi ni 1 kati ya 128. Mjukuu mweupe angeweza kupatikana endapo wabebaji wawili wa ukoo huo wangepandishwa wao kwa wao, na hapo ingekuwa 1 kati ya 4. Bustani za Ulaya zina mpango wa pamoja wa uzalishaji unaolenga kuepuka kupandisha ndugu. Mimi naona ni sawa kabisa, hata kama mjukuu mweupe angejaza watu getini.

Suala la wazazi linahitaji maelezo zaidi. Copito alikamatwa Oktoba 1966 huko Rio Muni, wakati huo koloni la Hispania, leo ni sehemu ya bara ya Guinea ya Ikweta. Mkulima wa kabila la Fang alimuua mama yake, gorila mweusi wa kawaida, akamkuta mtoto ameng'ang'ania mwilini. Mtaalamu wa nyani Jordi Sabater Pi akamnunua mjini Bata, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Barcelona. Basi baba hakuonekana na mama alishakufa. Lakini jinomu ya mtoto ni daftari la wazazi wote wawili. Ukizisoma nakala zake mbili sambamba, kwa kawaida utakuta tofauti ndogondogo kila mahali. Kwa Copito kulikuwa na vipande virefu visivyo na tofauti yoyote, na kwa jumla vilifika karibu asilimia 12 ya jinomu. Kipande kama hicho hutokea pale baba na mama wanapokuwa wamekipokea kwa babu mmoja. Kwa nadharia, asilimia 12.5 ndiyo inayotarajiwa kwa mtoto wa mtu na mpwa wake, au wa ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. Watafiti walipoangalia urefu na mpangilio wa vipande, waliona hali ya mjomba na mpwa ndiyo inayolingana zaidi. Kwa kawaida gorila jike akikomaa huhama kundi alimozaliwa, na hilo hupunguza uzazi wa ndugu. Safari hii halikusaidia.

Kwa binti yako, ombi langu la kwanza: usimjibu kwa mfano wa gorila mbele ya wenzake. Kanuni ni hiyohiyo ukitumia mahindi. Hapa Tanzania ualbino ulio wa kawaida zaidi unatokana na jeni nyingine, OCA2, lakini unarithiwa kwa njia ileile. Makadirio yanayotumika sana ni mtu 1 kati ya 1,400 kuwa na ualbino, na ukiyafuata, mbebaji ni kama mtu 1 kati ya 19. Kwa hiyo akizaa na mwanamume asiye na ualbino na asiye wa ukoo wake, nafasi ya kila mtoto kuzaliwa na ualbino ni takriban 1 kati ya 38. Mume akiwa mtoto wa shangazi au mjomba wake, nafasi inapanda sana. Akiwa naye ana ualbino wa jeni hiyohiyo, watoto wote watakuwa nao.

Na ngozi yake isisubiri hesabu. Copito aliuawa kwa huruma tarehe 24 Novemba 2003, akikadiriwa kuwa na miaka karibu 40, baada ya saratani ya ngozi kumzidi. Binti avae kofia pana na mikono mirefu, hata kama sare ya shule inasema vingine, na apake losheni ya kukinga jua. Ile ya Kilisun imeanzia hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwa ajili ya macho yake, akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na mitihani apewe ya maandishi makubwa. Kidonda chochote cha usoni, masikioni au midomoni kisichopona kwa wiki tatu, apelekwe kwa daktari wa ngozi.