Perth hadi London: kilomita ngapi, saa ngapi?

Umeuliza safari ya ndege kutoka Perth, Australia, hadi London ni ndefu kiasi gani, na mbona tiketi yako inaonyesha muda wa saa tisa tu kati ya kuondoka na kutua. Umbali kwa mstari mfupi kabisa juu ya tufe la dunia ni kama kilomita 14,500. Ndege kubwa hukata takribani kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo hesabu ya haraka inakupa saa 16 na kidogo. Ila usiishie hapo. Ongeza muda wa kupaa, kushuka na kuzunguka uwanjani, kisha uulize upepo.

Upepo ndio wenye neno. Huko juu kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo anayetoka London kwenda Perth husukumwa, na anayerudi huukabili usoni. Kwenda Perth ni saa 17 kasoro hivi; kurudi London huzidi 17, siku nyingine hukaribia 18. Njia ikizungushwa kukwepa anga iliyofungwa, muda unaongezeka tena.

Kuhusu tiketi yako inayoonyesha "saa tisa tu", hapana, hakuna ndege ya miujiza. Saa zinazoandikwa ni za kila mji. London iko nyuma ya Perth kwa saa 8 (saa 7 majira yao ya joto). Ukiondoka Perth saa 12 jioni na kuruka saa 17, unatua London saa 9 usiku uleule.

Safari hii bila kutua popote ilianza Machi 2018, kwa Boeing 787-9. Mimi ningechukua kiti cha pembeni mwa njia, maana miguu itakulaumu.