Kabla ya mota mpya, pima chuma cha zamani

Swali hili hunifikia mara nyingi kwenye simu, na huja na picha: CNC kuukuu (mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta) imeegemezwa ukutani kwenye yadi, kutu kidogo, skrini imepasuka. "Kaka, nimeipata kwa bei ya skrepa. Mfumo umekufa. Ninunue mota gani?" Jibu langu huwaudhi wengi. Bado usinunue kitu.

Mimi nilinunua. Milingi yangu (CNC inayochonga kwa kisu kinachozunguka), ya Kiingereza ya miaka ya 1980, ilikuwa haijashushwa hata kwenye lori, nami nimeshaagiza mota tatu za sevo (zinazofuata amri ya mahali kwa usahihi) za wati 750 na draivu zake, yaani vifaa vinavyozilisha umeme na kuziongoza. Zilipofika ndipo nikaweka dayo geji (kipimo cha sindano) kwenye meza, nikaisukuma meza kwa mikono miwili, mbele na nyuma. Sindano ikatembea milimita 0.18 na skrubu inayoisogeza meza haijazunguka hata kidogo. Mota mpya ingenipa plei (ulegevu) ile ile, ila kwa kasi.

Mashine ya namna hii thamani yake imo kwenye chuma: kitako kizito cha chuma cha kusubu, njia za kutelezea meza, spindo (mhimili unaozungusha kisu) na skrubu za gololi. Umeme wote unabadilishika. Kitako kilicholika hakibadilishiki.

Plei ikionekana, itafute ilipo. Mwisho wa skrubu huwa na tundu dogo la senta. Pachika humo gololi moja kwa grisi, gusisha geji juu yake, kisha mwenzako aisukume meza. Gololi ikienda na kurudi, beringi za skrubu zimechoka. Ikitulia huku meza inasogea, angalia nati ya skrubu. Kwangu zilikuwa beringi. Nilizibadilisha, nikazikaza sawasawa, plei ikashuka hadi 0.03, na gharama yake haikufika bei ya mota moja. Pima pia katikati ya meza na kwenye ncha zake, maana katikati ndipo kazi zote zimefanyika na ndipo panapolika. Tofauti ikiwa kubwa, ile namba moja ya kufidia plei unayoandika kwenye programu haitafaa kote. Ukimaliza hapo, zibua vijibomba vya oili kimoja kimoja.

Sasa mota. Si lazima uzitoe za zamani. Kama zile za DC zinazunguka laini, brashi bado ndefu na draivu zake zinawaka, ziache. Nyingi hupokea amri ya volti kati ya -10 na +10, na kadi ya kuunganisha kompyuta na draivu, kama Mesa 7i77, hutoa volti hizo. Ningelijua hilo mapema ningebaki na pesa ya kununulia vaisi nzuri.

Ukienda kwenye sevo mpya za palsi, zinazosogea hatua ndogo kwa kila mdundo wa umeme, fanya hesabu kabla ya kuchagua kompyuta. Skrubu yangu inasogeza milimita 5 kwa mzunguko, mkanda wa meno unapunguza 2 kwa 1, na draivu nimeipanga palsi 10,000 kwa mzunguko wa mota. Hiyo ni palsi 4,000 kwa kila milimita. Nilitaka mita 6 kwa dakika, yaani milimita 100 kwa sekunde: palsi 400,000 kila sekunde. Tundu la zamani la printa kwenye kompyuta, ambalo bado wapo wanaolisifia, likitoa palsi 25,000 kwa sekunde, meza itatambaa milimita 375 kwa dakika. Ndiyo maana natumia programu ya LinuxCNC, ambayo ni ya bure na mizizi yake iko NIST, taasisi ya vipimo na viwango kule Marekani, pamoja na kadi ya Mesa 7i76E inayotengeneza palsi yenyewe. Kompyuta ni ya mtumba.

Kosa langu la pili lilikuwa la Z, yaani mwendo wa kichwa kupanda na kushuka. Mota zote tatu niliagiza bila breki. Jioni moja nikabonyeza kitufe chekundu cha dharura, umeme ukakatika kwenye draivu, na kichwa kikaanza kushuka chenyewe, polepole, kama mzee anayekaa kitini. Endimili (kisu chenyewe) ikavunjika juu ya kazi ya mteja. Kama Z yako inabeba uzito, mota yake iwe na breki inayoshika umeme ukizimwa. Na kitufe hicho kikate kontakta (swichi kubwa ya umeme) moja kwa moja. Kompyuta ipewe taarifa tu. Baada ya kukata, usishike nyaya za draivu mara moja, kapasita zake hubaki na chaji kwa dakika kadhaa.

Spindo yenye mota ya umeme wa njia tatu (fezi tatu) inazungushwa vizuri kwa inveta, kifaa kinachougeuza umeme na kurekebisha kasi ya mota, hata kama karakana ina umeme wa njia moja, lakini soma kibao cha mota kwanza. Kikisema 220/380, ifunge delta (koili zikiunganishwa kwa pembetatu). Kikisema 380/660, inveta ya volti 220 haitaipa nguvu yake.

Inveta hiyohiyo ilinisumbua wiki nzima. Kila spindo ikiwaka, mashine inasimama na kudai imegonga swichi ya kikomo (mwisho wa safari ya meza), na meza iko katikati! Nilibadilisha swichi, nikabadilisha hadi programu. Kumbe nyaya za swichi nilizipitisha bomba moja na kebo ya inveta. Nikazitenganisha, nikaweka kebo zenye wavu wa shaba, wavu nikaufunga athi upande wa kabati tu kwa zile za swichi. Kimya. Swichi zenyewe zifunge kwa mtindo wa kukaa zimeunganika, ili waya ukikatika mashine isimame.

Mafaili ya mipangilio nimeyaweka kwenye flashi mbili. Moja iko nyumbani, nyingine imebandikwa kwa selotepu ndani ya mlango wa kabati, pamoja na mchoro wa nyaya niliouchora kwa kalamu.