Maswali ya Wasomaji: Sauti za Zamani Zinapatikana Wapi Bila Malipo?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Kila ninapofundisha ushairi huwaeleza wanafunzi kwamba mashairi mengi ya mwambao yaliimbwa kwa udi na fidla kabla hayajaingia kitabuni, lakini maneno matupu hayawatoshi. Nimejaribu kutafuta mtandaoni sauti ya Siti binti Saad mwenyewe na ya waimbaji wa wakati wake. Ninachopata ni nyimbo zake zilizoimbwa upya na watu wengine, au kurasa zinazonidai namba ya kadi ya benki kabla sijasikia hata kibwagizo. Je, kuna mahali pa halali pa kusikiliza rekodi hizo bila kulipa? – Mwalimu, Tanga

JIBU: Wa alaikum salaam, Mwalimu. Pako mahali, tena si pamoja tu, ila inakupasa uache kutafuta wimbo na uanze kutafuta sahani, yaani santuri yenyewe. Santuri ilikuwa bidhaa ya dukani. Ilikuwa na kampuni, namba, lugha iliyoandikwa kwenye lebo, na mji ambamo sauti ilinaswa. Wahifadhi huorodhesha mambo hayo kwanza, na jina la wimbo huja nyuma yake, mara nyingi likiwa limeandikwa na karani asiyejua Kiswahili. Siti na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, ile yenye chapa ya HMV na picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Kwa hiyo usishangae ukikuta santuri ya mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, imewekwa rafu moja na nyimbo za Kihindi, kwa kuwa huko ndiko mashine ilikokuwa.

Jambo la pili ni tahajia. Andika jina lake kwa «binti», kisha kwa «bint». Jaribu «Saad», halafu «Saadi». Badilisha «Kiswahili» uweke «Swahili», kisha «Swaheli». Usipopata kitu, acha jina kabisa utafute kwa mahali, na mahali penyewe upaite kwa jina la enzi hiyo, yaani Tanganyika badala ya Tanzania na Kongo ya Kibelgiji badala ya nchi tunayoijua leo. Niliwahi kutafuta kwa karibu juma zima kwa jina sahihi la mwimbaji mmoja wa Mombasa nikaambulia patupu. Nilipoandika neno «Mombasa» peke yake, pamoja na muongo, sahani ikajitokeza ikiwa na jina la mpiga fidla wake mahali pa jina la mwimbaji.

Sasa nenda kwenye tovuti ya Internet Archive, anwani yake archive.org. Humo mna mradi uitwao Great 78 Project, ambao umeweka wazi rekodi zaidi ya 400,000 zilizotoka kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Nyingi mno ni za Marekani na Ulaya, na za kwetu ni chache kama embe nje ya msimu, lakini zimo. Chagua kundi la sauti, kisha tumia vichujio vilivyo pembeni mwa ukurasa, hasa cha lugha na cha mwaka.

Ukifungua rekodi moja usikimbilie kitufe cha kuchezea. Tazama kwanza picha ya lebo na uikuze. Juu utaona chapa, chini jina la wimbo na waimbaji, na mahali fulani namba ya katalogi. Wakati mwingine katika ile sehemu tupu iliyo kati ya mifereji na karatasi ya lebo kuna namba nyingine iliyochongwa, ambayo ni ya siku ile ya kurekodi. Nakili namba zote mbili kwenye daftari. Kwa namba hizo unaweza kuitafuta sahani hiyo hiyo katika maktaba nyingine hata kama huko jina limeharibiwa vibaya.

Utashangaa pia kukuta faili nyingi za wimbo mmoja. Hilo si kosa. Katika mradi huo sahani huchezwa kwa mashine yenye mikono minne, kila mmoja ukiwa na sindano ya unene wake, kwa sababu mifereji ya sahani za zamani haikuwa na upana mmoja, na sindano inayokaa vizuri kwenye sahani hii hukwaruza kwenye ile. Ndiyo maana nakala moja ina mchakacho kama wa kitunguu kinachokaangwa na nyingine ina sauti safi zaidi. Chagua iliyopendekezwa na wahifadhi, au sikiliza sekunde kumi za kila moja kwa kutumia spika za masikioni, uamue mwenyewe. Kwa darasani pakua MP3, ambayo kwa dakika 3 huwa ni megabaiti chache tu. Aina nyingine ya faili, FLAC, ina ubora mkubwa zaidi, lakini faili moja inaweza kufika makumi ya megabaiti na kukumalizia bando kabla ya kipindi cha pili.

Waeleze pia wanafunzi kwa nini nyimbo hizo zinakatika ghafla. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulibeba dakika 3 hivi, ilhali taarabu ya ukumbini ilikwenda kwa raha zake, watu wakitunza na mwimbaji akirudia beti. Wimbo mrefu ulipasuliwa vipande viwili, kimoja kila upande, na mara nyingine beti zikaachwa. Kwa hiyo ukilinganisha santuri na maandishi ya shairi ukakuta pengo, usimlaumu mwimbaji. Kwa maoni yangu hilo peke yake ni somo la kipindi kizima, kwa sababu linaonyesha namna chombo kinavyoukata ushairi.

YouTube je? Kwa kusikiliza, ni hazina, kwani wapo wakusanyaji wanaopandisha sahani zao kwa moyo mmoja. Kwa ukweli wa tarehe na majina, usiiamini mpaka uione lebo. Nimekuta sauti ya miaka ya 1950, iliyorekodiwa kwa maikrofoni nzuri kabisa, ikitangazwa kuwa ya 1928.

Nje ya santuri za biashara zipo rekodi za watafiti, na hapa njia inakuwa ndefu zaidi. Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki na mashine zake, hasa kuanzia mwaka 1950, akirekodi ngoma, nyimbo za kazi na magitaa. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki iitwayo ILAM, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini. Orodha yake husomeka mtandaoni, nayo ni nzuri kwa sababu Tracey aliandika kabila, mahali, ala na hata namna ala ilivyotuniwa. Katika miaka ya karibuni maktaba hiyo imekuwa ikirudisha nakala kwa jamii zilizorekodiwa, wakiwamo Wakipsigis wa Kenya, na hilo linastahili pongezi.

Rekodi za kale zaidi ziko Berlin, katika hifadhi ya Phonogramm-Archiv iliyoanzishwa mwaka 1900. Huko kuna silinda za nta, yaani mirija iliyochongwa sauti, ambazo mtafiti Mjerumani Karl Weule alizirekodi mwaka 1906 kusini mwa nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, wakati vumbi la Vita vya Maji Maji lilikuwa bado halijatulia. Silinda moja hubeba dakika mbili au tatu, na sauti husikika kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Kwa hizi usitegemee kubofya na kusikia. Andika baruapepe fupi, ukitaja mahali, mwaka, jina la aliyerekodi na shabaha yako ya kufundisha. Kwa wasomaji wetu wa Kongo, Rwanda na Burundi, mlango wa kubisha ni wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Neno la tahadhari kabla sijakuacha. Kiungo kinachofanya kazi leo si ahadi ya kesho. Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi mwezi Oktoba 2023, na kurasa zake za sauti, ambazo walimu wengi walikuwa wakizitumia, zikazimika. Mradi wa Great 78 nao ulishtakiwa na kampuni kubwa za muziki mwaka huo huo, kesi ikaisha kwa maelewano mwaka 2025. Pale tovuti inaporuhusu kupakua, pakua, na uhifadhi pamoja na faili picha ya lebo na tarehe uliyoipata.

SWALI: Ninasomea utangazaji mjini Mombasa na ninatayarisha mchezo wa redio unaotokea bandarini katika miaka ya 1950. Nahitaji muziki wa wakati huo na vipande vya sauti kama honi ya meli, umati wa watu na treni ya mvuke. Nikikuta rekodi inapakuliwa bure, je, nina ruhusa ya kuitumia? – Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Hapana, si lazima uwe nayo. Bure ya kusikiliza na bure ya kutumia ni mambo mawili, na watu huyachanganya kila siku.

Katika rekodi moja kuna haki mbili. Ya kwanza ni ya mtunzi wa maneno na muziki, na ya pili ni ya aliyeirekodi. Kwa sheria ya Kenya, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 zaidi. Santuri iliyorekodiwa Mombasa mwaka 1955, kwa upande wa rekodi, ilitoka kwenye ulinzi mwishoni mwa 2005. Lakini mtunzi wake akiwa alifariki 1990, utungo wenyewe bado una wenyewe, nao ni watoto na wajukuu ambao pengine wanaishi mitaa miwili kutoka chuoni kwako. Watafute. Katika taarabu ya zamani mshairi na mwimbaji mara nyingi walikuwa watu wawili, hivyo usitosheke na jina lililo kwenye lebo.

Mchezo wako ukitoka nje ya Kenya kupitia mtandao, hesabu hubadilika. Uingereza ilirefusha ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70 mwaka 2013, ingawa rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zilikuwa zimekwisha kutoka na hazikurudishwa. Marekani ndiyo yenye mkono mzito. Kwa sheria yao ya 2018, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zilifunguliwa tarehe 1 Januari 2022, zile za 1923 hadi 1946 hulindwa kwa miaka 100, na za 1947 hadi 1956 kwa miaka 110. Muziki wa mchezo wako unaangukia hapo hapo. Mkusanyo wa National Jukebox wa Maktaba ya Bunge la Marekani, wenye maelfu ya rekodi, umejengwa hasa juu ya santuri za kabla ya 1925. Ni mzuri sana, lakini Kiswahili usikitafute humo.

Kwa honi na treni kazi ni nyepesi. BBC imeweka wazi vipande vya sauti zaidi ya 33,000, vingine vya miongo mingi iliyopita, ambavyo vinaruhusiwa kwa matumizi binafsi, ya masomo na ya utafiti. Kama mchezo wako ni zoezi la chuo, huna shida. Siku kituo cha redio kitakapoununua utahitaji leseni ya kibiashara, au urudi kwenye tovuti ya Freesound uchague vipande vilivyowekwa kwa leseni inayoruhusu biashara. Soma leseni ya kila kipande peke yake, kwani katika ukurasa mmoja unaweza kukuta tatu tofauti. Ushauri wangu mwingine ni kwamba uende Likoni na simu yako alfajiri ukairekodi feri. Umati wa Mombasa hausikiki kama umati wa London, na msikilizaji wa kwetu atautambua mara moja.

SWALI: Marehemu bibi yangu alitoka Unguja na sanduku la santuri. Ninataka kuzisafisha, kuzinakili na kuziweka mtandaoni ili wengine wazisikie. Nianzie wapi? – Msomaji, Maskati

JIBU: Anza kwa kutozisafisha kwa spiriti. Sahani hizo zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu wa laki uliochanganywa na unga wa mawe, na spiriti huuyeyusha utomvu huo. Tumia maji yaliyochujwa na kitambaa laini, bila kulowesha lebo, kisha uziache zikauke kivulini.

Usizicheze kwa sindano ya santuri za plastiki za baadaye, kwa kuwa ni nyembamba mno, hugonga chini ya mfereji na kuleta kelele. Nunua sindano iliyotengenezwa kwa ajili ya mizunguko 78. Zinakili katika faili ya WAV, ambayo haibani sauti, kwa kilohezi 48 na biti 24 bila kuchuja mchakacho wowote, na kama unapenda sauti iliyosafishwa, itengeneze katika nakala ya pili. Zipange zikiwa zimesimama, si moja juu ya nyingine, hasa kwa joto la huko kwenu.

Kabla ya kuzipandisha, piga picha lebo za pande zote mbili za kila sahani na unitumie orodha ya namba kupitia anwani ya gazeti. Baadhi yake huenda ziko mtandaoni tayari. Kama imo ambayo haimo popote, hiyo ndiyo uinakili kwanza, kabla haijadondoka mkononi.